Difu Iliyosogeza Ua

Asubuhi moja ya Machi fundi Ilyasi alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikapu ya Imelda, katika karakana yake ya mtaa wa Waswahili mjini Gitega, akilizungusha gurudumu la kulia kwa mkono. Sehemu yote ya nyuma ilikuwa imeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya magogo ya mkaratusi. Alipolizungusha gurudumu la kulia kwenda mbele, la kushoto nalo lilikwenda mbele. Jambo hilo lilimfurahisha sana.

"Ona, mama Imelda," alisema. "Moja ikienda, ingine inafuata. Zinasikilizana. Hii ponti iko bien."

"Zinasikilizana zikiwa hewani," alijibu Imelda. "Zikishuka chini, nikikata kona polepole, difu inatetemeka mpaka kiti kinaruka."

Alichokiita Ilyasi ponti na alichokiita Imelda difu ni kitu kimoja: lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, lenye gia ndani. Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu na la ndani hutembea njia fupi, na kazi ya difu ni kuyafikisha yote mawili kwa pamoja bila ugomvi. Imelda aliyajua hayo tangu alipokuwa akiendesha lori la ushirika wa tumbaku kule Ulyankulu, Tanzania, alikokulia. Ilyasi aliyajua kwa sababu ni fundi, na kwa sababu Imelda alikuwa amemweleza wiki iliyopita.

Pikapu ilinunuliwa Muyinga kwa mfanyabiashara aitwaye Houssein, na ilifika Gitega ikiwa kimya kabisa. Lakini fundi wa Gitega akiletewa gari lililotoka Muyinga, jambo la kwanza ni kuyamwaga mafuta yote yaliyomo. Hayapimi wala hayanusi. Ya Muyinga ni ya Muyinga, yanamwagwa. Ilyasi aliyamwaga mafuta ya difu, akajaza mengine kutoka kwenye pipa lake, pipa ambalo lilihudumia malori, mashine za kusaga unga na bawaba za milango ya mtaa mzima. Kesho yake gari likaanza kutetemeka. Ilyasi hakuona uhusiano wowote.

Badala yake alibadilisha kardani, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Alihamisha magurudumu ya nyuma akayaleta mbele, na ya mbele akayapeleka nyuma. Alikaza boliti za springi mpaka moja ikakatika, akaisifu kwa kukatika, akisema ndiyo iliyokuwa mchawi. Kisha akapanda kiti cha abiria na kumwambia Imelda waende kujaribu huko huko anakosema gari linatetemeka.

Walikwenda Ryansoro. Barabarani gari lilienda vizuri, na Ilyasi aliimba. Walipofika chini ya mlima ambako barabara inalizunguka shamba la mtu aitwaye Prosper, Imelda alipunguza mwendo, akaingiza gia ya kwanza na kukata kona. Nyuma kukalia gru-gru-gru, kiti kikaruka, na Ilyasi akaacha kuimba.

Kando ya barabara palikuwa na ua wa minyaa, mrefu, umefungana vizuri, umelizunguka shamba lote. Gari lilipotetemeka, ua ulijing'oa, ukapanda mlima hatua moja, ukajipanda tena. Gaudensia, mke wa Prosper, aliyekuwa akipalilia maharage karibu na barabara, alijikuta nje ya ua. Alichukua kikapu chake, akapita kwenye mwanya, akaendelea kupalilia akiwa ndani.

Ilyasi alichungulia dirishani kwa muda.

"Hii haiko kardani," alisema. "Kardani haisogezagi ua."

"Rudia?" aliuliza Imelda.

"Rudia kidogo."

Alirudi nyuma, akakata kona tena. Ua ukapanda hatua nyingine. Gaudensia alivuka tena, safari hii akiguna, maana kikapu kilikuwa kimejaa.

Ni lazima kusema lilikuwa shamba la nani. Mteremko ule wote, kutoka barabarani mpaka karibu na nyumba ya Prosper, ulikuwa wa baba yake Imelda. Katikati yake, chini ya mawe, ndipo alipozikwa. Alikufa kwa homa majuma machache kabla ya ule mwaka wa kukimbia, vita vilipowapeleka watu Tanzania, Imelda akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Ua wa mpaka ulikuwa upande wa juu wa mlima, mbali na kaburi. Watu walipoondoka, wakuu wa wakati huo walimwomba baba yake Prosper alitunze shamba. Alilitunza vizuri mno. Kila msimu aliusogeza ua kidogo kuteremka, ili alitunze zaidi, na alipokufa Prosper akamaliza kazi kwa kuufikisha barabarani.

Imelda hakuwa na uchungu wa ardhi peke yake. Kwa Warundi, mtu akifa msiba haufungwi siku ya maziko. Hufungwa baadaye, kwa sherehe iitwayo kuganduka. Ndugu na majirani hukusanyika nyumbani kwa marehemu, pale pale kwake wala si kwingine, pombe ya ndizi hunywewa, mtu mmoja husema neno la mwisho, na waliofiwa huruhusiwa kuendelea na maisha yao. Baba yake Imelda hakufanyiwa hayo, kwa kuwa siku yake ilipofika familia yote ilikuwa Tanzania ikifyeka pori. Msiba ukabaki wazi. Imelda aliolewa ndani ya msiba, akazaa ndani ya msiba, akafiwa na mume ndani ya msiba juu ya msiba. Mama yake alikufa Ulyankulu akimsihi arudi kuufunga. Sasa amani imekuja, amerudi, na kaburi liko ndani ya maharage ya mtu mwingine. Alikuwa amechoka kufiwa.

Alikwisha kumwomba Prosper amruhusu afanye sherehe pale kaburini. Prosper alikuwa mtu mchangamfu, mwenyekiti wa kamati ya maridhiano ya mlima, maana huko kijiji huitwa mlima, na hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote. Alisema atafikiria. Alifikiria mwaka mzima. Na ingawa Imelda alimwongelesha kwa Kirundi safi cha mama yake, Prosper alimjibu kila mara kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti kubwa, ili walio karibu wasisahau kwamba huyu ametoka nje.

"We mama wa Tanzania," alikuwa akimwambia, "hapa shamba haiko na shida. Kaburi iko sawa. Mi naipaliliaga mimi mwenyewe."

Ilyasi alirudi Gitega akiwa na heshima mpya kwa gari. Hata hivyo ni fundi, na fundi halali usingizi ikiwa kitu kinatetemeka na hajui kwa nini. Alishauri waende Muyinga wakamwulize aliyeliuza.

Walipitia Karuzi. Siku hiyo Houssein hakuwa mjini Muyinga, alikuwa amekwenda sokoni Gashoho kununua maharage, nao wakamfuata huko. Kwenye kona ya kuingilia soko Imelda alipunguza mwendo, nyuma kukalia gru-gru-gru, na ua wa shamba moja la kahawa ukahamia ng'ambo ya mfereji. Wanaume wawili waliokuwa wakizungumza wakiuegemea walianguka. Waliinuka, wakaufuata ulikokwenda, wakauegemea tena.

Houssein alikuwa juu ya magunia, na aliitambua pikapu kabla ya kuwatambua wenyewe.

"Kamiyoneti yangu!" alisema. "Iko inatetemeka? Alors mulitoa mafuta yangu. Nani alitoa mafuta yangu?"

Ilyasi aliyaangalia maharage. Alichukua punje chache, akazipima kiganjani kama mnunuzi.

"Ilikuwa michafu," alisema hatimaye.

"Haikuwa michafu! Hii ponti haiko ya kawaida, iko na visahani ndani, vinashikana na kuachana. Inatakaga mafuta yake, na dawa yake. Hukuona magurudumu zinazunguka upande moja? Ponti ya kawaida, ukizungusha moja mbele, ingine inarudi nyuma. Hata mtoto wa Muyinga anajua."

"Niliona," alisema Ilyasi. "Niliona ni nzuri."

Imelda aliuliza kuhusu nyua. Houssein alishuka kwenye magunia, akajipangusa vumbi, akasema hilo nalo analijua. Gari hilo lilipomfikia mara ya kwanza, nalo likiwa limetoka Tanzania na watu waliokuwa wakirejea, lilikuwa limeishiwa mafuta yake mazuri, likawa linatetemeka kila linapoingia kwake. Ua wa nyuma ya nyumba ukarudi mpaka choo chake kikawa cha jirani. Na kwa kweli, aliongeza, mahali pale palikuwa pa jirani zamani. Lakini choo alikijenga yeye.

"Ulifanyaje?" aliuliza Imelda.

"Nilitia mafuta nzuri, mama. Ikanyamaza. Halafu nikauza."

Aliwapa galoni moja ya mafuta yale, yenye dawa ndani yake, kama zawadi, kwa sababu hakutaka jina lake liharibike Gitega. Aliwaonya pia kwamba visahani vikitetemeka muda mrefu vitakwisha, na vikiisha hakuna fundi kutoka Muyinga mpaka Bujumbura atakayeviponya. Imelda alimshukuru, akaiweka galoni chini ya kiti, akafunga mlango.

Njiani Ilyasi aliuliza mara mbili kama wasimame mahali patambarare ayatie. Imelda alisema kuna haraka gani. Ilyasi alimtazama, akatazama barabara, akaelewa, na hakuuliza tena.

Tangu siku hiyo Imelda alipita Ryansoro kila alipokwenda na kila aliporudi, hata alipokuwa hana mzigo wa kumpeleka huko. Alibeba viazi vitamu kutoka Bukirasazi kwenda Gitega kwa njia ya Ryansoro, jambo ambalo mtu yeyote anayeijua njia atakuambia ni kuzunguka. Akifika kwenye kona aliingiza gia ya kwanza. Ua ulipanda hatua moja, naye akaenda zake. Kila asubuhi Prosper alishuka na jembe, akaing'oa minyaa na kuirudisha barabarani. Utomvu wa mnyaa huchoma macho, na baada ya siku kadhaa alikuwa akitembea kama mtu anayelia, watu wakampa pole. Mwisho akachoka. Alianza kuirudisha nusu, halafu akaacha kuirudisha kabisa.

Ua ukawa unapanda. Kwenye ardhi uliyoiacha nyuma Imelda hakulima. Alisimamisha gari pale, akashuka, akatembea huku na huku kwa viatu vyake vya safari, kisha akapanda na kuondoka. Hakumwambia mtu.

Habari zilienea bila kelele. Watu waliorejea walimfuata Imelda nyumbani, katika kijiji walichojengewa kwenye njia ya Bukirasazi, wakimwomba apite na kwao pa zamani. Alipita kwa wengi. Nyua zilisogea mbele ya shule, nyuma ya zahanati, kandokando ya nyumba ya mtu ambaye kila sikukuu husimama jukwaani kuzungumzia umoja. Watu wenye heshima zao walianza kumsimamisha Imelda barabarani wakimpa mikungu ya ndizi, wakimwomba atumie njia nyingine. Wengine walipanda miti badala ya minyaa. Miti nayo ilijing'oa, ila kwa kishindo zaidi.

Kisha mvua ikaharibu njia ya juu, na Imelda akalazimika kukata kona mbele ya nyumba yake mwenyewe, ile aliyopewa kijijini. Nyuma kukalia gru-gru-gru. Ua wake ukarudi hatua kadhaa kwa mkupuo, na jiko lake likabaki upande wa nje. Imelda alishuka, akautazama. Hakuna aliyekuja kudai jiko lile, maana wenye ardhi ile walikimbia mwaka mwingine, wakati wa vita vingine, na kama walirudi hawajulikani walipo. Jioni alipika humo humo, akavuka ua na sufuria kuingia kulala. Lakini tangu siku hiyo hakuwacheka tena watu wenye mikungu ya ndizi.

Prosper alikwenda Gitega kulalamika. Hakulalamikia shamba. Mtu akilalamikia shamba huulizwa amelipataje, naye si mjinga. Alilalamika kwamba kuna gari bovu linalozurura milimani na kuhatarisha usalama wa raia. Lalamiko hilo lilipendeza sana ofisini, kwani mashamba yalikuwa yamewashinda ila gari wangeliweza. Tume ya Kusikilizana, inayoamua ugomvi wa mashamba, ilipanga kwenda Ryansoro kujionea yenyewe.

Siku ya safari gari la tume halikuwa na mafuta. Mwenyekiti wake, Bwana Godfrey, mtu mnene mwenye miwani ya jua na adabu nyingi, alimwomba Imelda awabebe. Viti vya plastiki vikapangwa nyuma ya pikapu, wajumbe wakaketi, na mmoja wao akashika mwavuli. Ilyasi aliketi mbele. Imelda alikuwa amemwomba aje aiambie tume kwamba gari halina ubaya wowote, naye alikuwa ameapa kwa Mungu wake kwamba atasema hivyo hivyo.

"Hatua ngapi zimebaki?" aliuliza Ilyasi njiani, kwa sauti ya chini.

"Ua uko miguuni kwa baba," alisema Imelda. "Leo ukipanda, utafika katikati. Kesho utakuwa umempita, kaburi litakuwa huku kwangu. Basi. Sitaki zaidi. Prosper akae na mengine."

Kwenye kona aliingiza gia ya kwanza. Nyuma kukalia gru-gru-gru, na tume ikaanguka. Bwana Godfrey alionekana akiwa amekalia mwavuli. Ua ulijing'oa, ukapanda, ukajipanda katikati kabisa ya kaburi, minyaa mitatu ikiwa imesimama kati ya mawe, kifuani mwa marehemu.

Wajumbe walishuka, wakafutana vumbi, wakautazama ua. Prosper alikuwa anawasubiri na pombe ya ndizi, kwa sababu hakuna shauri linalosikilizwa kwenye mlima mkavu. Walikunywa. Walimsikiliza Prosper, ambaye alisema gari limewaumiza hata wao. Walimsikiliza Imelda, ambaye alionyesha barabara, akaonyesha kaburi, akaonyesha mahali ulipokuwa ua alipokuwa mtoto, na hapo juu bado palikuwa na kisiki cha mti wa mpaka. Bwana Godfrey alikiendea kisiki, akakipiga kwa kiatu, akakubali kwamba ni kisiki.

"Mama," alisema, "tume haikatai kwamba ua umesogea. Tumeuona. Hata kwamba shamba ni la baba yako, mimi binafsi sikatai. Lakini twende kwa utaratibu. Kabla ya kujua ua unasema nini, ni lazima tujue gari ni zima au gonjwa." Akageuka. "Tunaye mtaalamu hapa?"

Ilyasi alitazama nyuma yake amwone huyo mtaalamu. Hakukuwa na mtu. Tangu azaliwe alikuwa ameitwa fundi, na siku za hasira ameitwa mwizi, lakini mtaalamu hakuna aliyewahi kumwita. Uso wake ulibadilika. Alijinyoosha, akaifuta mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

"Bon, mheshimiwa," alisema. "Gari ya kawaida haitetemekagi. Hii inatetemeka. Donc iko mgonjwa."

"Ilyasi," alisema Imelda.

"Mi nasema upande ya ufundi tu, mama. Upande ya ua siingii."

"Dawa yake ipo?" aliuliza Bwana Godfrey.

"Iko chini ya kiti," alisema mtaalamu.

Imelda alisimama mbele ya mlango wa gari. Sauti yake ilitetemeka, kwa hasira, na kwa aibu ya kuomba tena baada ya kuomba maisha yote.

"Mheshimiwa, niache nikate kona mara moja. Moja tu. Halafu mtengeneze, msitengeneze, mlichome moto, mimi basi."

"Mama yangu," alisema Bwana Godfrey kwa upole mkubwa, akamshika mkono, "acha tutengeneze kwanza. Likishapona, utakata kona mara zote utakazotaka."

Wajumbe wote waliona maneno hayo ni ya haki. Prosper alileta jeki yake mwenyewe. Ilyasi alilala chini ya gari, akayamwaga mafuta ya pipa kwenye majani, akatia yale ya galoni mpaka yakafurika kwenye tundu, akafunga. Alifanya kazi safi, pengine iliyo safi kuliko zote alizowahi kufanya, na alipotoka chini hakumtazama Imelda. Kisha, kwa kuwa tume ilitaka jaribio, waliliendesha gari kwanza kwa duara ili mafuta yaingie kwenye visahani, na Imelda akakata kona. Alikata polepole sana. Alikata mara nyingi, mara zote alizotaka, akirudi nyuma na kwenda tena, mpaka wajumbe wakachoka kutazama wakarudi kwenye pombe. Nyuma kulikuwa kimya. Ua haukutikisa hata jani. Prosper alipiga makofi, wengine wakamfuata.

Uamuzi ulisomwa pale pale. Gari limepona. Ua ubaki ulipo, maana uliposimama ndipo katikati, na katikati ndipo penye haki. Nusu ya shamba ni ya Imelda na nusu ya Prosper, hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Kuhusu kaburi, tume iliwapongeza wahusika kwa kuwa na marehemu mmoja wa kuwaunganisha. Kichwa kilikuwa upande wa Prosper, miguu upande wa Imelda.

Na Prosper, ambaye alikuwa amefikiria mwaka mzima bila kupata jibu, siku hiyo alilipata. Alisema kuganduka kufanyike, tena upesi, na atatoa ndizi za kutengenezea pombe yeye mwenyewe. Imelda alikubali. Angefanya nini? Upande wa miguu sasa ulikuwa nyumbani kwa baba yake, na alikuwa amechoka kufiwa.

Siku ilipofika watu walijaa pande zote mbili za ua. Pikapu ilileta pombe kutoka kwa Prosper, ikaikata kona bila kumwaga hata tone, na Ilyasi, aliyekuja amevaa koti, aliwaeleza watu jinsi alivyoitengeneza. Ilipofika saa ya neno la mwisho, ilionekana kwamba kwa desturi anayestahili kulisema ni jirani wa karibu. Jirani wa karibu kuliko wote alikuwa Prosper. Alisimama upande wa kichwa, akapewa kibuyu juu ya minyaa.

"Huyu mzee," alisema, na safari hii alisema kwa Kirundi kizuri, kwa kuwa alikuwa anamwongelesha marehemu, "nimekaa naye tangu nikiwa kijana. Nimelima juu yake, nimevuna juu yake, na hajanisumbua hata siku moja. Hakukimbia. Alibaki nasi. Leo tunamwachilia kwa amani, na binti yake tunamfungia msiba."

Akamwaga pombe kichwani. Imelda akamwaga miguuni. Watu wakapiga makofi, wengine kwa machozi, na Bwana Godfrey, aliyealikwa, akasema hajawahi kuona maridhiano yaliyokamilika namna hii.

Ukishaganduka, kilio hakiruhusiwi tena. Ndiyo maana ya sherehe yenyewe: aliyefiwa akifungua tena mdomo juu ya jambo lile, anawaletea majirani mkosi. Imelda anajua hivyo, wote wanajua. Anapalilia upande wake wa kaburi, magotini kwa baba yake, na akimwona Prosper ng'ambo anapanda maharage karibu mno na mawe husimama na kufungua mdomo. Prosper naye huinua mkono, kwa ucheshi, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani:

"Mama wa Tanzania, si tulimaliza msiba?"

Naye huufunga.